Ungo wa Mwalimu

Hapa Kilwa Masoko kila anayekushauri ufanye mazoezi amekaa. Muuguzi amekaa, na simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini wale wazee wa bao chini ya mkungu? Wamekaa tangu jua halijapanda, wanakuona unapita, wanakuambia, "Mwalimu, tembea tembea, presha haipendi kukaa." Kiungo pekee kinachowatoka jasho wao ni kiwiko cha kusambazia kete. Na shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye hata maji ya kunywa huletewa na wajukuu, ndiye aliyenipa somo refu kuliko wote kuhusu faida za kukimbia. Alilitoa akiwa amelalia ubavu, anapepewa.

Presha ninayo, sibishi. Wamenipima, wamenipa vidonge, na wameniongezea dawa wanayosema ni ya bure: dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama Shirika la Afya Duniani linavyotaka. Nusu saa kwa siku, siku 5. Haya. Zikafanyiwe wapi?

Mji huu haumruhusu mtu mzima kutembea bila sababu. Ukikaza mwendo bila kapu mkononi, watu wanasimama. "Mwalimu, kwema?" Maana mwanamke wa umri wangu anayekwenda upesi ana mambo mawili tu, msiba au mdaiwa aliyetoroka. Ukisema unafanya mazoezi wanakutazama kwa huruma, halafu wanakuitia bajaji. Vijana wa bodaboda, niliowafundisha kuhesabu mimi mwenyewe, wananifuata ubavuni pikipiki ikinguruma taratibu: "Panda tu mwalimu, leo hulipi." Nikishuka ufukweni Jimbizi, wavuvi wananiuliza kama nasubiri mashua ya Kilwa Kisiwani. Kuogelea ndiyo kabisa. Niogelee na dera, nielee hadi Mafia?

Tena hiyo Kisiwani ndiyo inayonitia husuda. Kule Husuni Kubwa, jumba alilojijengea Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, kuna bwawa la kuogea la pembe nane, kazi ya waashi wa mawe ya matumbawe, limejificha ndani ya jumba juu ya genge linalotazama bahari. Wageni wanatoka Ulaya kuja kulistaajabia. Unesco waliyaweka magofu ya Kisiwani kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mimi nilipokuwa nawapeleka wanafunzi ziara ya masomo, nilikuwa naona jambo moja tu: bwana yule alikuwa akinyoosha viungo vyake bila mtu kuchungulia ukutani na kumuuliza kwema.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba sultani huyo alikuwa akiitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Mkwe wangu wa Dar es Salaam ana maradhi hayohayo. Hasikii una shida akatulia. Alishatuletea jiko la umeme linalozima umeme, na blenda inayosaga kila kitu isipokuwa nazi. Basi binti yangu akamwambia mama ana presha na hana pa kufanyia mazoezi. Jioni simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, tunashukuru. Mama, samahani sana, nilikuwa nauliza... hapo nyumbani mna mizani?"

Nikamwambia mizani ya mchele iko kwa mwenye duka. Kimya. Nikasikia anameza mate. Akaja kwa mlango wa pili: "Yaani mama, kwa kukadiria tu, ukipanda bodaboda, dereva huwa... anaongea nini?"

Sasa niambieni, wapi umesikia mkwe anamuuliza mama mkwe uzito? Mkwe ambaye hata nikipita sebuleni anasimama na kutazama vidole vyake vya miguu! Nikampa simu mzee wangu, wakubwa wamalizane. Mzee, mhasibu mstaafu, mtu asiyejua kuficha tarakimu, akataja namba ambayo haitaandikwa hapa.

Kumbe kijana alikuwa dukani Kariakoo, mbele ya trampolini ndogo za mazoezi ya nyumbani, na kila moja imeandikwa kikomo chake. Za bei ya chini nyingi huishia kilo 100, imara zaidi zinakwenda 120 hadi 150. Na ukichagua, usichukue ile inayolingana nawe kamili, kwa sababu mtu akitua ana nguvu kuliko akisimama. Kijana wa watu alikuwa na hoja. Lakini alipochukua ya 150 na kuniambia "ni kwa usalama tu mama," nilijua kwamba usalama huo ulikuwa na jina langu.

Kwa asiyeiona: ni duara la bomba la chuma, upana wake mita moja hivi, nyingine zinafika mita moja na robo, miguu sita, na katikati kitambaa cheusi kilichovutwa na springi pande zote. Unapanda, unadunda. Basi. Chombo chenyewe, ile kubwa, ni mawazo ya Mmarekani George Nissen wa Iowa, mwanajimnastiki aliyetazama watu wa sarakasi wakiangukia wavu na kudunda, akaona kwa nini raha hiyo iwe ya mwisho wa mchezo tu. Alianza miaka ya 1930. Ili kuuza mali yake alikodi kangaruu, akapiga naye picha wakiruka pamoja New York. Alifariki mwaka 2010 ana miaka 96, na kabla ya hapo aliushuhudia mchezo wake ukiingia Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mtu wa kuruka miaka yote akafika 96, mimi nani nikatae? Ingawa kangaruu hakuna aliyetuambia alifikisha mingapi.

Mkwe akanitumia pia maandishi ya kunitia moyo. Utafiti wa NASA wa mwaka 1980, unaonukuliwa na kila muuza trampolini duniani. Nikausoma kwa miwani. Waliopimwa walikuwa vijana wa kiume 8. Mwingine wa Wisconsin, mwaka 2016, ulipima wanafunzi wa chuo 24, ukaona wanawake walichoma wastani wa kalori 9.4 kwa dakika. Nikapiga hesabu: nidunde dakika 10, na andazi moja la asubuhi bado halijalipwa. Na katika watu wote hao 32, hakuna hata mmoja mwenye magoti ya kustaafu, na hakuna aliyedunda huku anachungulia kama ubwabwa unaungua.

Mzigo ukapandishwa basi Mbagala Rangi Tatu. Sitalitaja basi, linajijua. Ulipofika kwetu ulikuwa na miguu mitano. Konda akaniambia, "Mama, mitano mbona inatosha, ng'ombe ana minne." Nawaomba, mkinunua kitu hiki hesabuni miguu mbele ya muuzaji na mbele ya konda, kwa sauti, ikibidi mwiteni shahidi. Wa sita nikachongewa na fundi wa kuchomelea hapa hapa, bomba zuri, ila ni refu kuliko wenzake kwa unene wa kidole. Trampolini ikawa na upande wa kibla wake. Ukidunda mara kadhaa unajikuta umegeuka unaangalia ukuta. Tukakata, ikawa fupi. Tukaongeza mpira wa ndala chini yake, ndipo ikatulia. Kila mwenye nayo aiweke sakafuni kwanza aitikise kwa mkono. Ikicheza haijapandwa, ikipandwa itakutupa.

Tukaingia kwenye suala la dari. Wanaotengeneza vitu hivi wanaishi kwenye nyumba ndefu. Chombo kinasimama kama sentimita 20 na kitu kutoka sakafuni, wewe una urefu wako, halafu kuna mdundo wenyewe, na juu kuna pangaboi. Fundi aliyejenga nyumba yetu alibana gharama kwa kuteremsha dari, na mafundi umeme wakateremsha pangaboi. Pale sebuleni ningedunda mara moja tu, mara ya pili wangedunda walioniokota. Chumba kisicho na pangaboi ni kimoja, chumba cha kulala. Mchana hakuingiliki kwa joto, na wageni hawaishi. Kwa hiyo nikawa nadunda usiku, baada ya isha, madirisha wazi tupate upepo.

Hapa ndipo springi zinapoingia. Zipo trampolini za springi za chuma, na zipo za kamba za mpira. Za springi ni za bei nafuu, zinarusha kwa ukali kidogo, na zina sauti. Za kamba ni ghali, laini kwa magoti, kimya. Mkwe alichukua springi kwa sababu muuzaji alimwambia chuma hakifi. Muuzaji huyo hajaishi Kilwa. Chumvi ya hapa imekula nondo za madirisha, imekula bawaba, imekula kofuli la geti likiwa limefungwa. Springi zikaanza kulia kabla masika haijaisha. Nikazipaka mafuta ya cherehani, zikanyamaza, halafu zikalia tena. Kwa mtu wa pwani ningesema chukua kamba za mpira na uziweke mbali na jua, ila ujue zikikatika Masoko nzima huzipati. Nilimuuliza fundi pikipiki kuhusu vipuri, akanipimia springi ya stendi ya boksa.

Rudini kwenye usiku. Mlio wa springi, kwii kwii kwii, wa mpangilio mzuri, unaotoka chumbani kwa wastaafu wawili baada ya isha, una tafsiri moja tu mtaani. Sikujua. Nilishangaa tu majirani wanawake wananisalimu kwa kuvuta maneno. Mpaka Ijumaa moja mzee wangu akarudi kutoka msikitini amenyoosha mgongo, kofia imekaa upande. Wenzake walikuwa wamempa mkono mmoja mmoja. Mmoja akamvuta kando amuulize kama ni supu ya pweza au kuna kingine anachokificha. Na yule mtu, mhasibu, ambaye katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuacha hesabu yenye kosa iondoke mezani kwake, hakusahihisha.

Nikahamia uani.

Ukuta wa ua wetu uliishia kimo cha kichwa changu, pesa zilipoishia. Aliye nje anaona kichwa changu kinachomoza, kinazama, kinachomoza. Na mtu wa pwani akiona kichwa, anakisalimu. "Shikamoo mwalimu." Nikipanda, "Marahaba." "Umeamkaje?" Nikipanda tena, "Salama." "Wa ndani hawajambo?" "Hawa..." nimezama, "...jambo." Wataalamu wana kipimo chao: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hayo ndiyo mazoezi ya wastani. Mimi kipimo changu ni mama muuza vitumbua. Anauliza habari za kila mtu wa nyumba hii kwa jina, na za walio Lindi, na za walio Mtwara. Nikimaliza kumjibu bila kukatika pumzi, najua nadunda kivivu.

Halafu kuna mavyaa wangu, mama wa mzee, tunaishi naye. Macho yake yamechoka, lakini mikono bado inatafuta kazi. Aliliona lile duara jeusi limewekwa uani, akalipapasa, akasema, "Mwanangu, ungo huu mkubwa umeununua wapi?" Kabla sijajibu alishaanika makopa. Na siwezi kusema uongo, yalikauka vizuri. Kitambaa kile ni plastiki ileile ya viroba, polipropilini, kimefumwa, hewa inapita juu na chini, na kiko juu kuku hawafiki. Kesho yake nilikuta ng'onda. Keshokutwa pilipili. Kudunda mahali palipoanikwa pilipili, kwa nyayo tupu, ni zoezi ambalo NASA hawajalipima. Nimemweleza kwa heshima zote, mama, hiki ni cha mazoezi, na jua litakiozesha upesi, kama mnavyojua kiroba kinavyochanikachanika kikisahauliwa nje. Akanijibu, "Basi kitumie haraka kabla hakijaoza," akaendelea kupanga muhogo.

Neno ungo likatoka nje ya ukuta. Msidhani nilihitaji adui. Duara jeusi, linatoka ndani jioni, mama mtu mzima analipanda, anaonekana anapaa. Watoto walianza kupita kwa mbio mbele ya geti letu. Shoga yangu akaja na tasbihi, akakaa mbali, akaniuliza kwa sauti ya kunihurumia kama ni kitu cha kurithi au nimejifunza ukubwani. Vijana wa bodaboda wao hawana woga, wameona mshindani wa biashara: "Mwalimu, hiyo Lindi ni nauli gani?" "Inapitia Nangurukuru au inakata moja kwa moja?" Mmoja aliuliza kama napakia mshikaki.

Walipozoea wakaja watoto wenyewe, foleni, kuomba kuruka. Hapo nilikuwa mkali na nitabaki mkali. Madaktari wa watoto Marekani wamekuwa wakionya juu ya trampolini za nyumbani miaka mingi, na sehemu kubwa ya majeraha hutokea watu zaidi ya mmoja wakiwa juu yake pamoja, mzito anamrusha mwepesi. Hii ndogo si ya michezo, ni ya mtu mmoja, tena mzima anayejiheshimu. Wakasema, "Basi mwalimu tukuangalie." Wakakaa ukutani wamejipanga. Wananihesabia. Wanakosea makusudi baada ya kumi na tisa, wanarudi kumi na moja, eti niendelee.

Na wazee wa bao wakatoa hukumu yao: wazee wetu hawakuruka ruka, walilima. Mnasikia? Watu ambao jembe wanaliona kwenye picha ya bendera ya chama! Tena si kweli kwamba haturuki. Piteni kwenye ngoma yoyote ya harusi kuanzia Kivinje hadi Mchinga mwone mama zetu, wenye presha na sukari na miguu iliyovimba, wanavyopiga ardhi mpaka alfajiri, bila muuguzi, bila kalori. Hakuna anayeuliza kwema. Sababu kuna pilau. Kosa langu machoni pa mji ni kuruka bila bwana harusi.

Nilijaribu kujiwekea ngoma ya simu basi. Mjukuu akanichagulia singeli. Muziki ule unapita mapigo 200 kwa dakika. Moyo wangu ukitaka kuufuata, kesi inahamia hospitali. Nikarudi kwenye taarabu. Taarabu ya zamani mdundo wake unaniruhusu kushuka, kufikiri, kupanda.

Na kupanda kwenyewe, wanawake wenzangu, sogeeni hapa kidogo. Yale matangazo ya binti anayepaa magoti kifuani yaacheni. Tuliozaa tunajua kwa nini. Wasiozaa wakawaulize mama zao. Muuguzi alinieleza vizuri: nyayo zisiachane na kitambaa, kunja magoti kidogo, sukuma kwa visigino, mdundo mdogo mdogo, na zile nyama za chini uzikaze uwe umezishika wewe, si zikushike zenyewe. Nenda msalani kwanza. Mwenye mifupa dhaifu au kizunguzungu amuone daktari kabla ya kupanda. Na nilimwambia mkwe, bila haya, mkono wa kushikia lazima. Ule mhimili wa mbele unauzwa na baadhi tu ya aina, nyingine hazina. Wananicheka eti nimeshika usukani. Waache wacheke, wao wanashika nini?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga maisha: asubuhi yangu, mchana ya makopa, jioni ya watoto kuhesabu. Presha nikipimwa muuguzi anatikisa kichwa kwa namna ya kuridhika, ingawa vidonge hajapunguza, na mimi naona kama ananibania.

Juzi mzee wangu akanisubiri nimalize, akaniletea maji mwenyewe, kwa mkono wake, jambo lililonitia wasiwasi.

"Mama," akasema, "huku nje kuna umande. Utapata kifua."

"Umande gani baba, na jua hili?"

"Nasema tu. Kirudishe kile kitu chumbani. Uwe unafanya usiku, kama zamani."

"Na makelele yake je? Si ulisema hulali?"

Akaangalia pembeni, akaishika kofia yake, akainyoosha. "Makelele siyo mabaya," akasema. "Watu msikitini wameanza kuniuliza kama naumwa."